Kabla Grenda Haijalia

Aprili 2021, masika yenyewe. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri, na Barabara ya Morogoro kutoka Kimara ilikuwa inateleza kama sufuria ya mafuta. Mbele yangu kulikuwa na Fuso lenye taa moja tu ya nyuma, nayo imefunikwa tope. Lilipofunga breki sikuona kitu, mpaka mkia wake ukawa juu ya boneti yangu. Nikasikia mlio wa debe linalokanyagwa, eabegi zikapasuka, kisha kimya. Ndani ya gari vumbi jeupe lilielea kama mtu amekung'uta gunia la sembe.

Sikuumia. Dereva wa Fuso alishuka, akakagua mkia wake ambao hata rangi haikubanduka, akazunguka mbele ya gari langu, akatikisa kichwa.

"Pole sana kaka. Lakini hii Vitz imekwisha."

Ningemsikiliza mtu yule, leo ningekuwa na milioni mbili zaidi.

Ilikuwa Vitz ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kati ya 1999 na 2005, yenye injini ya cc 997 ambayo mafundi wa Dar wanaifungua wamefumba macho. Niliinunua 2019 kwa shilingi 6,800,000, mkononi kwa mtu. Bima yake ilikuwa ile ndogo, kama walivyo wengi wenye magari ya daraja hili. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari kumkinga mtu wa tatu, yaani yule utakayemgonga. Wewe uliyegonga, na mimi ndiye niliyegonga, unabaki na chuma chako.

Kuna jambo ambalo wenye bima kubwa hawalijui thamani yake mpaka walikose. Gari lao likigongwa, anakuja mkaguzi. Hakulinunua gari lile, hajawahi kumpeleka mke wake hospitali nalo usiku, na halimwumi. Anapiga picha, anajumlisha, anaandika: litengenezwe, au limekufa, mwenye nalo alipwe. Sisi wa bima ndogo mkaguzi wetu ni sisi wenyewe, na tunakagua siku ileile tuliyotoka kutetemeka.

Kesho yake asubuhi, gari likiwa limeegeshwa nje ya nyumba na pua yake imekunjwa hadi kwenye kioo, alikuja kijana wa Ilala anayenunua magari ya ajali kwa ajili ya kukata spea. Sijui nani alimwambia. Watu hawa wananusa. Alifungua milango yote minne, akaifunga, akasikiliza mlio wake. Akapiga magoti akachungulia giaboksi. Akatazama matairi, viti, mlango wa nyuma. Kisha akatoa bahasha ya kaki.

"Milioni mbili na laki mbili, bosi. Taslimu, na kulivuta ni juu yangu."

Nilimfukuza. Kwa adabu, lakini nilimfukuza. Milioni mbili kwa gari ambalo juzi lilikuwa la milioni sita! Niliona kama mtu amekuja msibani kuulizia viatu vya marehemu.

Mjomba wangu alifika jioni kunipa pole. Ameendesha malori ya Tunduma na Zambia miaka mingi, amepata ajali zake na ameona za wenzake, na kwa magari hana huruma hata kidogo. Aliomba kalamu, akachana karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda ya ukutani, akaandika nyuma yake.

"Lingekuwa zima, leo ungeliuza ngapi?"

"Milioni sita, mjomba."

"Ukilitengeneza likapendeza, na mnunuzi akajua liligongwa, kwa sababu atajua tu?"

Nilibishana kidogo. Tukaelewana milioni tano.

"Na hivi lilivyolala?"

"Yule kijana alisema mbili na laki mbili."

Akatoa. Zikabaki 2,800,000. "Huo ndio ukuta wako," akasema. "Matengenezo yakigusa hapo, umemtajirisha fundi na wenye spea, wewe umebaki na kumbukumbu. Fundi amekwambia ngapi?"

Fundi alikuwa ameshaniambia 1,850,000: boneti, bampa, shoo, taa mbili, sapoti, rejeta, fenda ya kushoto, kunyoosha na rangi. Nikaitaja kwa fahari, kwa kuwa ilikuwa chini ya ukuta kwa karibu milioni nzima. Mjomba hakufurahi.

"Hayo ni ya macho. Ameona yanayoonekana. Ongeza nusu yake."

Nusu ya 1,850,000 ni 925,000. Jumla 2,775,000. Faida ya kutengeneza ikabaki shilingi elfu ishirini na tano, na hapo hatujahesabu nauli za wiki zote nitakazopanda daladala.

"Kwa hiyo niuze?"

"Sijasema uuze. Nimesema hujui. Kafungue mbele yote kwanza, mpime, ndipo uamue. Ukishakata huna tena cha kuamua."

Nilimwitikia. Na kesho yake nikafanya kinyume.

Hapa niseme mapema, kwa sababu habari za gereji huwa zinamalizikia kwenye wizi: fundi wangu hakuniibia. Alikuwa mtu wa kazi, gereji yake ya uwanjani chini ya mwarobaini, na siku niliyompelekea gari yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Bosi, tufungue kwanza tuone? Elfu themanini tu, nakushushia mbele yote." Mimi ndiye niliyekataa. Niliona elfu themanini ya kuangalia tu ni hela ya kutupa, wakati gari linahitaji kutengenezwa na kila mtu anaona linahitaji kutengenezwa. Nikampa 1,200,000 ya kuanzia na kumwambia aanze.

Alasiri ile grenda ililia. Ilikata sapoti na ncha ya shavu la kushoto, cheche zikaruka mpaka kwenye shina la mwarobaini. Nilisimama pembeni nikiwa na furaha ya mtu aliyechukua hatua. Sikujua kuwa wakati ule ndipo lile gari lilipotoka sokoni. Gari la ajali ambalo halijaguswa kila mtu analipa bei yake, maana kila mtu anaona kilichovunjika. Likishakatwa na kutawanywa chini ya mti, linakuwa siri ya fundi.

Siku ya nne akanipigia simu. Kondensa ya AC imepasuka, feni imekunjamana nyuma ya rejeta, maunti mbili zimekatika, na chesisi ya kushoto imerudi ndani, itabidi ivutwe. Laki tisa.

Nilikaa kitandani nikafanya hesabu, na ninaomba msomaji aitazame hesabu hii vizuri. Nimeshatoa milioni moja na laki mbili. Zimebaki laki sita na nusu za ankara ya kwanza, na laki tisa hizi: jumla 1,550,000. Nikimaliza nina gari la milioni tano. Nikiacha? Nikampigia yule kijana wa Ilala. Akauliza, "Limeshakatwa?" Nikasema ndiyo. "Basi milioni moja na laki moja, kwa ajili yako." Kuendelea kulikuwa na faida ya zaidi ya milioni mbili kuliko kuacha.

Hesabu ilikuwa sahihi, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Ankara ya tatu ilipokuja nikapiga hesabu ileile, ikawa sahihi tena. Kila mara kilichobaki kulipwa kilikuwa kidogo kuliko kilichobaki kupatikana, kwa sababu kilichokwisha kulipwa kilikuwa kimetoka kwenye karatasi. Mtu anaweza kutembea hivi, hatua moja ya busara baada ya nyingine, mpaka akajikuta amelipa bei ya gari zima kwa nusu gari.

Siku ya kuvuta chesisi nilikuwepo. Walifunga mnyororo kwenye shavu lililorudi, ncha nyingine ikazunguka shina la mwarobaini lililokuwa na makovu ya magari mengi kabla ya langu, katikati wakaweka winchi ya mkono. Vijana wawili wakivuta, mmoja akichoma kwa moto wa gesi chuma kikawa chekundu, fundi akigonga kwa nyundo na kutazama kwa jicho moja kama seremala. Chuma kilirudi. Kwa macho kilirudi kabisa.

Tatizo ni kile chuma kilivyo. Sisi tunaita chesisi, lakini magari haya madogo hayana chesisi ya lori iliyolala chini kama kitanda. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Tena mbele yake ilichorwa ikunjwe. Fikra hiyo ni ya mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz, aliyeiandikia hataza mwanzoni mwa miaka ya 1950: mbele na nyuma ya gari viwe laini, kibanda cha abiria kiwe kigumu, ili pua inywe nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye magoti ya dereva. Pua ya Vitz yangu ilifanya kazi hiyo, nami nikashuka mzima. Lakini ni kazi ya njiti ya kiberiti. Chukua waya wa hanga, uukunje, uunyooshe: pale ulipokunjwa hapanyooki tena sawasawa, na ukirudia mara chache unakatika. Ukiongeza moto, chuma cha kisasa kilichotiwa ugumu wake kiwandani kinaupoteza.

Wiki ya tano mjomba akaja gereji. Alimwitikia fundi shikamoo yake, akaomba kipande cha kamba ya katani. Boneti ilikuwa haijafungwa. Akaweka ncha ya kamba kwenye bolti ya juu ya shokapu ya kushoto, akaivuta kwa mshazari mpaka kwenye kona ya kulia ya sapoti mpya, akapiga fundo. Kisha akahama: bolti ya kulia, kona ya kushoto. Kwenye gari lililonyooka fundo lingeangukia palepale. Langu lilipita kona kwa vidole vitatu. Akaviweka vidole vyake vile vitatu kati ya fundo na chuma, akaniita nije nione.

"Mzee wangu," fundi akasema, "hiyo ikishapigwa rangi haionekani."

"Haionekani na nani?"

Fundi akacheka kidogo, kwa heshima, akarudi kwenye kazi yake. Kamba ile, siku ya kwanza, ingenigharimu elfu themanini.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Gurudumu la kushoto lilikuwa limekaa nyuma kidogo kuliko la kulia: mkono wa chini, shokapu, tairodi na beringi, laki sita na nusu. Rangi ya fedha ya boneti ilikataa kufanana na milango, ikabidi upande wote wa kushoto upigwe upya, laki tatu. Spea nyingi tulizifuata wenyewe Gerezani, Kariakoo, na huko ndiko nilikojifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla: spea haijui kuwa gari lako ni la bei rahisi. Taa haikuulizi ulilinunua kwa ngapi. Gari la milioni thelathini likivunja taa mbili na rejeta, ni mkwaruzo mfukoni. La milioni sita, ni mbavu.

Ndiyo sababu kule magari haya yanakotoka hawasumbuki. Japani gari likishapita miaka 3 ya mwanzo linatakiwa kila baada ya miaka 2 kupita ukaguzi wanaouita shaken, na kwa gari kuukuu gharama zake zinaweza kushinda thamani yake, hata kama halijagongwa. Linapandishwa meli. Hapa linapokewa na ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru wa uchakavu juu yake, linatoka bandarini likiwa mali ya maana. Kwa hiyo tunalitibu. Na kwa kuwa mikono ya mafundi wetu ni ya bei nafuu, tunadhani matibabu yote ni ya bei nafuu.

Sisemi kila gari lililogongwa liuzwe. Jirani yangu ana gari la toleo hilihili. Bajaji ilimpiga ubavuni, ikabonyeza fenda na mlango wa mbele, akaniuliza mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nimekuwa mwalimu kwa lazima. Tuliangalia pamoja. Fenda na mlango vinafungwa kwa bolti. Unavua, unavaa vingine. Nguzo ya katikati ilikuwa haijaguswa, mlango wa nyuma ulifunga bila kusukumwa, uwazi kati ya boneti na fenda ya upande wa pili ulikuwa sawa kutoka juu hadi chini, ukipitisha kidole unapita bila kukwama. Eabegi hazikutoka. Usukani ulikuwa umenyooka. Alipata mlango wa rangi ileile Ilala, akamaliza kila kitu kwa chini ya laki nne, na mpaka leo analiendesha. Angeliuza lile angekuwa mjinga, maana gari lake analijua, na atakalonunua mtaani hajui limepita chini ya mwarobaini gani.

Sasa eabegi. Hili ndilo linalonikosesha raha hata leo, kuliko hela.

Zilikuwa zimepasuka mbili, ya dereva na ya abiria. Eabegi haikunjwi ikarudishwa. Ikishatoka imekwisha, na mikanda iliyojikaza siku ile nayo imekwisha, na kisanduku kinachoziamuru kimeandika ndani yake kwamba pamekuwa na ajali. Kurudisha vyote kwa vya mtumba, fundi wa umeme alinitajia laki saba. Wakati huo nilikuwa nimekauka. Akaniambia kuna njia nyingine.

Alichukua kile kifuniko cha usukani kilichochanika, akakigundisha kwa nyuma, akakipaka rangi nyeusi. Dashibodi ikafunikwa kwa ngozi iliyoshonwa vizuri sana. Halafu akafungua saa za mbele ya dereva na kung'oa taa moja ndogo nyekundu, ile yenye picha ya mtu aliyeketi na mpira mbele yake. Kwenye gari zima, ukizungusha ufunguo taa hiyo inawaka sekunde chache na kuzimika yenyewe, ishara kwamba mfumo umejikagua. Kwenye langu ingewaka moja kwa moja, ikilalamika. Sasa haikuwaka kabisa. Kazi yote ilichukua dakika arobaini na nikampa elfu kumi ya soda.

Niliendesha gari lile miezi saba. Wiki za kwanza lilipendeza, watu wakanipongeza. Kisha likaanza kuvuta kushoto. Nikafanya alaimenti, likatulia siku kumi, likaanza tena. Nikafanya nyingine. Kijana wa alaimenti akaniambia, bila kuinua kichwa, kwamba kwenye bolti hakuna tena pa kugeuza. Matairi ya mbele yalilika upande wa ndani mpaka waya zikatoka, nikanunua mengine mawili, 260,000. Mvua ikinyesha nilikuwa nikishika usukani kwa mikono miwili na kukaa mbali na mikia ya malori, na mke wangu akiketi kiti cha abiria nilikuwa naitazama ile ngozi iliyoshonwa vizuri mbele ya kifua chake. Kwa muda mrefu sikumwambia kilichokosekana nyuma ya ngozi ile. Mwezi wa saba nilimwambia, akakataa kulipanda, na wiki hiyohiyo nikaliweka sokoni kwa milioni tano.

Watu walikuja, wakazunguka, wakaondoka. Yule aliyelinunua alikuja Jumamosi na mdogo wake. Hakugusa boneti kwanza kama wengine. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akazungusha ufunguo nusu bila kuwasha injini, akatazama saa. Nikaona midomo yake ikihesabu. Akazima. Akazungusha tena, akahesabu tena.

"Kaka, taa ya eabegi iko wapi?"

Nikamwambia. Nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nikamwambia na ya Fuso, na mnyororo, na vidole vitatu vya mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akashuka, akapiga magoti upande wa kushoto, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu na kupapasa shavu pale tulipochomelea, taratibu, kama daktari anayetafuta mfupa. Alipoinuka alikung'uta vumbi kwenye suruali.

"Milioni nne na laki moja. Na eabegi nitaweka mimi."

Jumla ya nilichotumia kulitengeneza ilikuwa 3,960,000. Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa funguo zote mbili.